Nafsi ya Mpatanishi Nayo Ina Haki

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye peke yake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake wote.

Ama baad. Imetufikia barua kutoka Kainuk, nasi tuliisoma katika darsa mara mbili, kwani mara ya kwanza watu walinyamaza wasijue la kusema. Aliyeiandika ni ndugu yetu Mwislamu, mmoja wa wale watu wachache waendao baina ya Waturkana na Wapokot wakati damu ingali mbichi, wakawasihi wenye msiba wasilipize kisasi. Jina lake hatulitaji. Asema kwamba kwa muda mrefu sasa hapati usingizi; kwamba simu ikilia usiku mkono wake hutetemeka kabla hajajua ni nani; kwamba zamani akisikia mtu kauawa alikuwa akilia, na sasa akisikia ni kama aliyetajiwa bei ya mbuzi mnadani. Watoto wake wamwogopa. Alikwenda kwa mtu mmoja mwenye elimu kumshitakia hali yake, akajibiwa kwamba huo ni upungufu wa imani, azidishe sunna na aendelee na kazi wala asilalamike. Basi atuuliza: Je, nikiiacha kazi hii, na watu wakauana nyuma yangu, nitakuwa na dhambi mbele ya Mwenyezi Mungu?

Swali hili ni zito, na tumeona haifai kulijibu kwa mistari miwili. Wala jawabu si lake yeye peke yake; ni la kila aliyesimama mahali kama pale, na khasa ni la sisi tulioketi mbali tukamwachia asimame.

Asiyekujua Kainuk na ajue kwamba ni mji mdogo kusini mwa Turkana, juu ya barabara kuu itokayo Kitale kwenda Lodwar, mpakani na Pokot Magharibi. Upande mmoja kuna milima, upande mwingine kuna uwanda wa jua kali, na mto Turkwel wapita hapo na bwawa lake la umeme lililokamilika mwaka 1991. Wenyeji wa pande zote mbili ni wafugaji, na mali yao ni ng'ombe, ngamia na mbuzi. Kuibiana mifugo ni jambo la tangu zama za mababu, walakini mababu walikuwa na mikuki. Mwaka 1979, ilipoanguka serikali ya Idi Amin huko Uganda na ghala ya silaha ya Moroto ikavunjwa, bunduki zilitapakaa katika nchi zote hizi za wafugaji, na tangu hapo kijana mmoja asiye na akili aweza kuua katika dakika moja watu ambao zamani wasingeuawa katika vita ya siku nzima. Tena ikaja njaa: tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022 mvua za misimu mitano mfululizo zilikosekana, mifugo ikafa, na aliyebakiwa na wachache akawalinda kwa bunduki. Mwezi wa Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi kusaidia polisi katika kaunti 6, na Turkana na Pokot Magharibi ni katika hizo. Jeshi laweza kulinda njia. Kuingia nyumbani kwa mama aliyeuliwa mwanawe jana, kukaa naye chini, na kumwomba asiwatume wanawe waliobaki, hiyo si kazi ya jeshi. Hiyo ndiyo kazi ya huyu aliyetuandikia.

Na kazi hii ina daraja gani katika dini yetu? Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 114, amekataa kheri katika mengi ya mazungumzo ya siri ya watu, akabagua yale ya mwenye kuamrisha sadaka au wema au kupatanisha baina ya watu. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 9 na ya 10, ameamrisha kusuluhisha. Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kwa Abud Dardaa kwamba Mtume S.A.W. aliwaeleza Sahaba kuwa kuna jambo lililo bora kuliko daraja ya saumu na Sala na sadaka, nalo ni kutengeneza yaliyo baina ya watu. Wanavyuoni wameeleza kwamba muradi ni saumu na Sala za sunna. Basi aliyemwambia ndugu yetu aongeze sunna ili aponywe na uchovu wa kupatanisha, hakuipima mizani yake sawasawa.

Lakini neno "ameamrisha" ndilo la kulitazama. Amri hii ameamrishwa nani? Katika fiqhi faraidhi ni mbili: faradhi ya kila mtu kwa nafsi yake, kama Sala tano, na faradhi ya kutoshelezana, kama kumwosha maiti na kumzika. Hii ya pili wakiisimamia wa kutosha, wengine huokoka; isiposimamiwa, dhambi huwapata wote walioweza wasifanye. Kuzuia umwagaji wa damu baina ya makabila mawili ni katika faradhi ya kutoshelezana. Na tutazame sana neno "wa kutosha". Maiti 10 wakilala uwanjani, na mtu mmoja tu akashika jembe, akachimba tangu asubuhi mpaka akaanguka, je, mji umetosheleza? Hapana! Mji wote una dhambi, illa yeye. Wala hapana mwanachuoni atakayesimama juu ya kichwa cha yule aliyeanguka akamwuliza kwa nini hakumaliza kaburi la nane.

Hili ndilo jawabu la kwanza, ndugu yetu. Uchovu wako si dhambi yako. Kwa sehemu kubwa ni dhambi yetu. Kazi ya watu 50 wameachiwa watu watatu wanne, nasi tukija Ijumaa twawaombea dua, twatoka msikitini na dhamiri zetu zimetulia.

Sasa tuje kwenye lile neno la upungufu wa imani. Neno hili limezagaa sana katika miji yetu, na kila mwenye huzuni hupigwa nalo. Twawauliza wanaolisema: Nabii Yaaqub A.S. alikuwa na upungufu wa imani? Qurani katika Sura Yusuf, aya ya 84, yatwambia kwamba macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya mwanawe. Na katika aya ya 86 yatwambia kwamba majonzi yake alimshitakia Mwenyezi Mungu. Alihuzunika, akadhurika mwili, naye ni Nabii. Na Mtume wetu mwenyewe S.A.W., Mola wake alimwambia katika Suratul Kahf, aya ya 6, maneno ya kumwonea huruma, kwamba huenda akaiangamiza nafsi yake kwa kuwasikitikia wale wasioamini. Maana hiyo hiyo imekaririwa katika mwanzo wa Suratush Shuaraa. Angalieni basi: Mtume alitumwa kuwaokoa watu, na katika kuwahangaikia ilikaribia nafsi yake kuteketea, na Mwenyezi Mungu hakumwambia aongeze kuhangaika. Alimzuia.

Tena kumbukeni safari ya Taif. Alikuwa amekwisha kufiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, mwaka ulioitwa wa Huzuni. Akaenda Taif kuwalingania watu, pamoja na Zaid bin Haritha. Wakampuuza, wakawachochea wapumbavu wao wampige mawe mpaka miguu ikatoka damu. Alifanya nini? Hakurudi saa ile ile kuwalingania tena. Aliingia katika bustani ya Utba na Shaiba, akakaa kivulini, akamshitakia Mola wake unyonge wake. Bustani ile ilikuwa ya watu wasiomtakia kheri. Hata hivyo walimwonea huruma wakamtuma mtumishi wao Addas, naye ni Mnasara wa Ninawa, akamletea kishada cha zabibu. Mtume akakipokea, akala, wakazungumza. Twapenda ndugu zetu wa Kainuk wakitie moyoni kisa hiki, kwani wengi wa wenzao katika kazi hii ni Wakristo, Waturkana na Wapokot, na tumesikia wako wanaowalaumu kwa kuketi nao na kula nao. Aliyepigwa mawe Taif alipumzika kivulini mwa wasio wa dini yake na akala zabibu kutoka mkononi mwa Mnasara. Wewe hapa wamlaumu mtu kwa kikombe cha chai?

Hali aliyoieleza ndugu yetu waganga wa zama zetu wameitazama na kuipa jina. Mwaka 1974 daktari mmoja aliyekuwa akifanya kazi New York, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya watu waliokuwa wakihudumia wenye shida bila ya malipo katika zahanati. Aliwaona walioanza kwa moyo mkunjufu wakiishia kuwa kama nyumba iliyoungua ndani, kuta zingali zimesimama. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaieleza kuwa ni hali itokanayo na mashaka ya kazi yasiyotibiwa, na alama zake ni kuishiwa na nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona kwamba ulifanyalo halina faida tena. Waislamu nao hawakuwa wajinga wa jambo hili. Abu Zaid al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934 wa Miladi, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na ya nafsi, akawalaumu waganga wa wakati wake kwa kuutibu mwili na kuiacha nafsi, hali viwili hivi vimeshikana, kimoja kikiugua cha pili hakistarehe. Zaidi ya miaka 1000 iliyopita! Leo ukiwa na homa ya mbu waambiwa uende hospitali, na ukiwa na homa ya moyo waambiwa huna imani.

Yatupasa kupambanua. Kulia kwa ajili ya aliyeuawa si maradhi. Mtume alilia alipokufa mwanawe Ibrahim, akaeleza kwamba jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, wala ulimi hausemi ila limridhishalo Mola. La kuogopewa ni ile ganzi, mtu kusikia mauti kama bei ya mbuzi. Ganzi si ushujaa. Kijana asiyelia tena twamsifu kwamba amekomaa, kumbe moyo wake umejifunika ngozi ngumu kama kiganja cha mpasua kuni. Na mpatanishi mwenye moyo wa ganzi hafai kupatanisha, kwani mwenye msiba hutambua mara moja kama huyu aliyekaa mbele yake ana huruma au anamaliza kazi tu.

Basi dawa ni nini? Sheria yetu imejaa dawa ya kupokezana, nasi hatuioni. Katika Suratun Nisaa, aya ya 102, Mwenyezi Mungu amefundisha Sala ya khofu: adui yu karibu, na wakati wa Sala umeingia. Hakuamrisha wote wasali wakaacha ulinzi, wala wote walinde wakaacha Sala. Aliwagawa makundi mawili. Hawa wasali na Mtume na wale wasimame, kisha wabadilishane. Ikiwa Sala, iliyo nguzo ya dini, husaliwa kwa zamu mahali pa khatari, ni kazi gani ya Kainuk isiyoweza kufanywa kwa zamu?

Na katika Sahihi Muslim kuna kisa cha Bilal R.A. Waislamu walikuwa wakirudi Khaibar, wakasafiri usiku mpaka wakashindwa na usingizi. Mtume akamwachia Bilal kazi ya kuingojea alfajiri. Bilal akasali alivyojaaliwa, kisha akaegemea mnyama wake akielekea upande wa mapambazuko. Usingizi ukamshinda, wala hapana aliyeamka mpaka jua likawachoma. Mtume alipomwita, Bilal alijibu kwamba lililoishika nafsi ya Mtume ndilo lililoishika yake. Hakupigwa wala hakuambiwa kwamba imani yake ni haba. Bilal! Aliyestahimili jiwe kifuani katika jua la Makka hakustahimili usiku mmoja wa ulinzi peke yake. Yule wa Kainuk amekesha peke yake miaka mingapi?

Ipo khabari nyingine, nayo twaipenda zaidi. Imo katika Abu Dawud, kwa Jabir R.A., katika vita vya Dhatur Riqaa. Mtume aliwaweka watu wawili walinde mdomo wa bonde usiku, mmoja Muhajir na mmoja Ansari. Wenye kuandika sira wasema walikuwa Ammar bin Yasir na Abbad bin Bishr. Wakagawana usiku: mmoja akalala, wa pili akasimama kusali. Adui akaja akampiga mshale. Akauchomoa, akaendelea na Sala yake. Akapigwa wa pili, na wa tatu, ndipo akarukuu na kusujudu, kisha akamwamsha mwenziwe. Mwenziwe alipoiona damu alistaajabu, akamwuliza kwa nini hakumwamsha kwa mshale wa kwanza. Yule akaeleza kwamba alikuwa katikati ya sura asiyotaka kuikata. Watu wakikisoma kisa hiki husifu subira ya aliyepigwa, na ni haki yake kusifiwa. Sisi twawaomba walimu waliangalie pia swali la mwenziwe. Ni swali la haki, la mapenzi, na ndilo ambalo kila mpatanishi angepaswa kuulizwa na wenzake: kwa nini hukuniamsha mshale wa kwanza?

Kwani mshale wa kwanza huonekana. Ni usiku wa kwanza mtu anaoshindwa kulala baada ya kuhesabu maiti. Ni siku ya kwanza anayompiga mtoto kwa kosa la kumwaga maji. Ni safari ya kwanza anayopanda bodaboda kwenda upande wa pili na moyoni mwake asema: na wauane tu. Hapo ndipo pa kumwamsha mwenzako. Na hapa pana uzito wa pekee ambao watu wa mbali hawaufahamu. Mpatanishi wa Kainuk amebeba siri za pande mbili. Ajua ni kijana wa nani aliyeiba, ajua ni mzee gani aliyempa risasi, na akilitoa neno moja mahali pasipofaa laweza kuua watu. Tena kila upande wamshuku: Waturkana husema amewauza kwa Wapokot, na Wapokot husema ni mpelelezi wa Waturkana. Mtu kama huyu amwambie nani habari ya moyo wake? Jawabu letu ni kwamba siri ya watu ni amana, ama uchungu wako si siri ya watu. Waweza kumweleza mwenzako kwamba huli wala hulali, na kwamba wakiona maiti ya yule mtoto machoni mwako kila ufumbapo, bila ya kutaja jina la aliyeua. Wawili wawili, waliopeana ahadi ya kuulizana kila wiki na kusema kweli, hiyo ni sunna ya bonde lile. Nabii Musa A.S. naye, alipotumwa kwa Firauni, aliomba apewe nduguye Harun amtie nguvu na ashiriki katika kazi yake. Yamo hayo katika Sura Taha. Musa aliomba msaidizi kabla ya kuondoka, hakungoja aanguke njiani.

Na Sayyidna Umar R.A. imepokewa kwamba usiku mmoja alimsikia mwanamke akilalamika kwa upweke, mumewe yuko vitani. Akamwuliza Bibi Hafsa, binti yake, mwanamke aweza kustahimili muda gani. Riwaya zahitilafiana, wengine wasema miezi minne na wengine sita, lakini zote zaafikiana kwamba Umar aliweka muda, akaamuru askari wasizuiliwe vitani zaidi ya hapo. Amiri wa Waislamu, adui akiwa mashariki na magharibi, aliweka likizo. Basi wale wanaopeleka watu Kainuk, wakawapa koti lenye maandishi mgongoni na nauli ya safari moja, kisha wasiwaulize tena habari zao mpaka siku ya kuandika ripoti, na wajifunze kwa Umar. Tumeona pia semina nyingi zikifanywa katika hoteli za Lodwar juu ya subira ya wapatanishi, nao wapatanishi wenyewe wako njiani wakifuata nyayo za ng'ombe. Hatusemi semina ni mbaya. Twasema tu kwamba chai ile ingefika Kainuk ingekuwa tamu zaidi.

Katika nyumba, haki ni zile alizozitaja Salman al-Farisi kwa nduguye Abud Dardaa, aliyekuwa akifunga mchana na kusimama usiku kucha mpaka mkewe akaacha kujipamba: Mola wako ana haki juu yako, na nafsi yako ina haki, na watu wako wana haki, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume alipopelekewa habari alimsadikisha Salman. Yamo katika Bukhari. Na siku nyingine aliikuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili msikitini. Akaambiwa ni ya Zainab, akichoka katika Sala huishika asianguke. Akaamuru ifunguliwe, na mtu asali akiwa na nguvu, akichoka akae. Wangapi leo wamejifungia kamba kama ile! Wengine kamba yao ni miraa, watafune ili wakeshe. Wengine, Mungu atuepushe, ni pombe, wanywe ili walale. Kamba haiondoi uchovu, humzuia mtu tu asianguke leo ili aanguke vibaya zaidi kesho. Ifungueni. Lalени mapema usiku usio wa zamu yenu. Kuleni. Bibi Aisha R.A. alikuwa akiwapikia wafiwa talbina, nao ni uji wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema kwamba huupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Uji wa moto na mtu wa kukaa nawe ukiunywa, hiyo ni tiba ya Mtume, na yapatikana Kainuk.

Hata mchezo una mahali pake. Mtume alishindana mbio na Bibi Aisha, mara akashindwa, mara akashinda, wakacheka. Na katika nchi yetu hii, Bibi Tegla Loroupe, Mpokot, aliyeshinda mbio ndefu za New York mwaka 1994, aliunda mwaka 2003 taasisi ya amani iliyowakutanisha vijana wa makabila yanayopigana wakimbie pamoja. Na mwaka 2016 wakimbizi watano waliotoka Kakuma walikimbia katika Olimpiki ya Rio. Wako watakaoona ajabu shekhe kusifu mbio. Kijana akimbiaye pamoja na Mpokot asubuhi hawezi kumlenga shabaha jioni kwa wepesi ule ule, na mpatanishi akimbiaye hulala.

Ama uganga, hirizi na kupungwa pepo kwa ajili ya kukosa usingizi, tumekwisha kuandika mengi wala haturudii. Dua twaisisitiza, na ile aliyokuwa akiikithirisha Mtume kwa riwaya ya Anas, ya kujikinga na mashaka na huzuni na kushindwa na uvivu, na iwe wiradi wa kila mpatanishi. Mwenye kuona kwamba miezi yapita na hali haipungui, na aende hospitali ya Lodwar amweleze daktari kama amwelezavyo maumivu ya tumbo. Kutafuta dawa ni amri ya Mtume. Na mwenye kuanza kutamani mauti asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Wenzake wakae naye, wamwondolee silaha iliyo karibu, wampeleke kwa daktari bila ya kumhukumu.

Liko jambo moja tena linalowamaliza watu hawa, nalo ni kujihesabia damu zote. Mpatanishi akishinda mara tisa, ya kumi ng'ombe wakaibiwa na mchungaji akauawa, husema: mimi nimemuua. La, ndugu yetu. Suratul Ghashiya, aya ya 21 na 22, yamweleza Mtume kwamba yeye ni mkumbushaji tu, hakuwekwa awatawale. Ikiwa Mtume hakubebeshwa nyoyo za watu, wewe nani aliyekubebesha? Wewe una jitihada, matokeo si yako. Tena matunda ya suluhu aghalabu huchelewa. Mapatano ya Lokiriama baina ya Waturkana na Wamatheniko wa Uganda yalifanywa mwaka 1973, silaha zikafukiwa, na mpaka leo watu hukutana kuyakumbuka. Wengi wa waliohangaika kuyafikia wamekwisha kufa.

Mtazameni pia Bibi Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir, Mwislamu mwenzetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 koo za Wajir ziliuana mpaka sokoni mwanamke hauziwi maziwa na mwanamke wa ukoo mwingine. Yeye na wenzake walianza na soko: wakawakutanisha wanawake, wakaweka walinzi wa soko, wanawake wa kila ukoo, wa kuangalia kwamba hapana anayekatazwa kuuza wala kununua. Kisha wakawaendea wazee, kisha vijana, kisha serikali, mpaka mwaka 1993 wazee wakatia sahihi mapatano ya Al-Fatah. Kazi ile ikawa kamati yenye watu wa kila namna. Alitunukiwa Sweden mwaka 2007, na mwezi wa Julai 2011 akafariki kwa ajali ya gari. Kamati haikufa naye, kwa sababu tangu siku ya kwanza hakuijenga juu ya kichwa chake.

Kwa hayo, jawabu la swali ni hili. Kupumzika kwako kwa muda, ukijua kwamba ukiendelea utadhurika, si halali tu bali yakupasa. Kuiacha kazi kabisa, ikiwa umeshindwa kweli, huna dhambi, kwani Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila uwezo wake. Tunalokuomba ni kwamba usiondoke kama aliyekimbia usiku. Ahadi ulizowapa wazee wa pande mbili ni amana. Zikabidhi kwa wenye kubaki, uwajulishe kwa wazee uso kwa uso, ndipo ukae na watoto wako. Na sisi jamaa wa Kainuk, wa Lodwar na wa Kakuma, ambako kambini tangu mwaka 1992 wako pia wapatanishi wanaoamulia ugomvi wa mataifa kadha wa kadha, faradhi imetushika shingoni. Ajuaye lugha zote mbili na kuaminiwa, na ajitolee aingizwe katika zamu. Asiyejua lugha lakini ana duka, na atoe mafuta ya pikipiki na chakula cha nyumba ya aliyeko njiani. Gharama ya khitma moja kubwa ya mjini yatosha nyumba hizo miezi mingapi? Na wahesabu wenyewe. Darsa hii imekwisha kuandika majina ya watu 7 walio tayari kupanda Kainuk mwezi ujao kufundishwa kazi na wenyeji wake.

Chini ya barua yake ndugu yetu aliongeza swali dogo, kama mwenye kuona haya: Je, yafaa kuizima simu usiku? Yafaa, usiku usio wa zamu yake, kwa sharti kwamba nambari ya mwenye zamu ijulikane kwa chifu na kwa wazee wa pande zote mbili kabla ya Magharibi. Na mkewe na ampe simu hiyo aiweke yeye.

Wallahu aalam.